Kichwa cha Treni cha Kijerumani Ghorofani Kariakoo

Shirika la umma nililolipigia taipu kwa miaka kumi na minne lilipobinafsishwa, mwenye mali mpya alituita ukumbini akatupongeza. Alisema sisi ndio nguzo. Kisha yakasomwa majina ya nguzo zinazoondoka, na langu likiwemo. Nilirudi Ilala na bahasha, mwavuli wangu wa ofisini na ushauri wa afisa utumishi: "Dada, taipu imekwisha. Kasome kompyuta."

Nikaenda Kariakoo. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa kuuzwa, na elimu nayo ilikuwa imeingia sokoni. Chuo nilichokipata kilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vitenge la familia ya Kihindu, ambao udi wao wa asubuhi ulitupandia ngazini kabla hata mwalimu hajafika. Kulikuwa na kompyuta mbili. Moja iliwaka. Mwalimu alikuwa kijana mwenye tai na maneno mengi, na sisi wanafunzi tulikuwa sita, wote watu wazima, wote tumepunguzwa kazi mahali fulani.

Kwenye benchi nilikaa na mzee mmoja mwembamba, shati lake limenyooshwa pasi mpaka mikono. Alikuwa mtu wa reli. Ujanani alichochea moto kwenye vichwa vya treni vya mvuke, na mvuke ulipoachwa akawa fundi wa boila kwenye karakana ya reli, hadi naye siku yake ikafika.

"Shikamoo mzee wangu," nilimwambia siku ya kwanza. "Na wewe umekuja kusoma kompyuta?"

"Marahaba, mwanangu. Wameniambia nisome. Nimezoea kutii."

Programu ya kuandikia barua mwalimu aliinunua kwa wauza sidii wa barabarani, Mtaa wa Kongo. Juu ya sidii iliandikwa kwa kalamu nene: OFISI. Alipoitia kwenye mashine haikutokea karatasi wala barua. Kilitokea kituo cha treni chenye majani mabichi, na katikati yake kichwa cha treni cha mvuke, cheusi, magurudumu mekundu, kimebeba matenki ya maji ubavuni, kulia na kushoto. Maandishi yote yalikuwa ya Kijerumani. Na haikuwa picha tu. Ukisogeza mausi ulikizunguka, ukaingia ndani, ukaona kila bomba, kila geji na mlango wa tanuri. Kuna mtu huko Ulaya alikaa akakichora chote kwa kompyuta, hadi misumari.

Mwalimu alikohoa. "Hii ni ya kisasa zaidi," akasema. "Kompyuta ni kompyuta. Ukiweza kuendesha hiki, barua itakushinda nini?"

Hakuna aliyeweza kukiendesha. Tulibonyeza kila kitufe kwa zamu, na kilichotoka ni honi. Kufikia siku ya nne tulikuwa tumeijua honi vizuri sana, na mama wa duka la vitenge alikuwa ameshapanda mara mbili kuuliza kama kuna usalama.

Siku ya tano mzee alinyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Mwalimu, samahani. Hicho hakina mvuke. Mnakiamuru kiende na boila ni ya baridi."

Akaitwa mbele. Taabu yake ikawa nyingine: vitufe hakuvijua, na mausi aliishika kwa ncha za vidole kana kwamba inaunguza. Mimi vitufe nilivijua bila kutazama. Basi nikakaa mimi, yeye akasimama nyuma ya kiti.

"Washa moto."

Nilijaribu kitufe kimoja kimoja hadi tanuri likawaka, nikakiandika kitufe hicho kwa hati mkato kwenye daftari langu.

"Geji ya maji inasemaje? Nusu? Vema. Sasa ngoja."

"Tungoje nini?" mwalimu aliuliza.

"Mvuke. Sisi tulikuwa tunaingia kazini saa tatu kabla ya dereva."

Tukangoja. Watu sita tuliolipa ada tulikaa kipindi kizima tukitazama mshale wa geji ukipanda taratibu. Ulipofika alipotaka mzee, akasema polepole, "Legeza breki. Fungua mvuke kidogo. Kidogo, mwanangu, usikishtue." Kichwa kikatikisika, kikatoa moshi, kikaenda. Tulipiga makofi. Sikuwa nimejifunza neno hata moja la kompyuta, lakini nilishangilia kwa moyo wote.

Kuanzia hapo hilo likawa ndilo somo. Ilikuwa miaka ya mgawo wa umeme, na mara nyingi geji ilipojaa, umeme ulikatika, kila kitu kikazimika, tukaanza upya kesho yake. "Treni ya mvuke inasimama kwa kukosa umeme," mzee alisema. "Haya, maendeleo." Vinginevyo alikisifu. Alilalamika tu kuwa kinakula makaa wakati wao walichoma mafuta mazito, na kwamba waliokitengeneza wamesahau joto. Siku moja nilimwona akivuta mkono wa shati ukafunika kiganja, akaupeleka kwenye kioo cha kompyuta pale penye mlango wa tanuri, ili asiungue. Wenzetu walicheka. Yeye naye alicheka, akasema mkono umezoea. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye daftari.

Kisha akaja afisa wa leseni kukagua kama chuo ni chuo. Akatukuta tunarudisha mabehewa nyuma.

"Hii ni nini?"

"Programu ya uchukuzi, mheshimiwa," mwalimu alijibu bila kupepesa macho.

Afisa aliomba apige honi. Kisha akaomba kukaa. Aliondoka baada ya saa nzima, jasho linamtoka, na leseni ikaandikwa: Mafunzo ya Kompyuta na Uchukuzi. Vyeti vyetu vikaandikwa hivyo hivyo.

Cheti hicho ndicho kilichonipa kazi mjini, maeneo ya Posta, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Meneja alikisoma, akasema, "Uchukuzi! Ndiyo hasa tunachotaka." Kuandika barua kwa kompyuta nilijifunza pale pale, kwa siri, wakati wenzangu wakienda kula.

Wiki chache baadaye nilipita chuoni. Mwalimu alikuwa amepata programu halisi ya barua, na ili ipate nafasi alikuwa amekifuta kile kichwa. Mzee, ambaye hata baada ya cheti alikuwa bado anakuja, alikuwa amesimama mbele ya kioo kitupu.

"Kiko wapi?"

"Nimekifuta, mzee. Kilijaza mashine."

Mzee alitikisa kichwa. "Basi hata hapa nimepunguzwa," akasema, akatafuta kofia yake.

Nilimfuata ngazini. Nilikuwa nimesikia kwamba kiwanda kimoja cha sabuni, ambacho nacho kilikuwa kimepata mwenye mali mpya, kinatafuta mtu wa boila. Nikamwandikia barua ya maombi, barua ya kwanza niliyoichapa mwenyewe kwa kompyuta tangu mwanzo hadi sahihi. Niliitaja miaka yake yote ya moto na mvuke, na kwa kuwa walitaka cheti, tukaambatanisha kile alichokuwa nacho.

Walimwajiri. Boila walimpa mtu mwingine, kijana aliyetoka kuuza matairi, kwa sababu kazi ile, walisema, haihitaji msomi. Mzee mwenye cheti cha kompyuta wakampeleka stoo, mbele ya mashine mpya iliyokuwa bado na nailoni yake.

Alinijia ofisini siku ya tatu, ana karatasi mfukoni.

"Mwanangu," alisema, akikaa, "nieleze. Herufi kubwa zinatoka wapi?"