Kiti cha Huali na Mwezi Usio na Mwenyewe

Xing Aiju alizaa wana wawili, na mumewe alipokufa wana hao walimgawana mama yao kama ndugu wanavyogawana nyati mmoja wa kulimia: mwezi huu kwako, mwezi ujao kwangu. Hakuna aliyeshangaa. Kijijini kwetu, nyuma ya mji wa Dongfang, wazee wengi hula hivyo. Deyuan, mwana mkubwa, alichukua miezi ya witiri, mdogo wake Demao akachukua ya shufwa, wakifuata kalenda ya mwandamo. Kwa kuwa miezi hiyo mingine ina siku ishirini na tisa na mingine thelathini, Sulian, mke wa Deyuan, alikuwa akichora mistari ya mkaa ukutani. Mwisho wa mwaka wa kwanza akatangaza kwamba wao wamemlisha mama siku mbili zaidi. Alizitaja siku hizo kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa jogoo.

Bibi Aiju alilala kwenye chumba chake cha zamani, katikati ya nyumba za wanawe, na humo alikuwa na mali moja tu: kiti cha mikono cha mbao ya huali, alichopewa na baba yake siku ya kuolewa. Mti wa huali huchukua umri wa mtu mzima kutoa kiini kinene kama paja. Zamani tuliufanyia mipini ya majembe. Siku hizi wanunuzi hupita na pikipiki wakiutafuta kwa vipaza sauti kama wauza samaki, na aliyechoma mpini wa jembe la babu yake hataki kuulizwa.

Kila zamu ya Deyuan ilipoanza, bibi alifika na kifurushi cha unga wa huali. Deyuan ana presha, na huku tunaamini chai ya huali huishusha. Mtoto wa Demao naye hakuwa akilala vizuri, akapelekewa mto uliojazwa maranda yake. Walipouliza anavitoa wapi, bibi alisema ni fundi seremala anayemwachia. Fundi yule hajawahi kumwachia mtu hata salamu, lakini chai ilikuwa ya bure, basi nani achunguze?

Kisha ukaja mwaka wa miezi kumi na mitatu. Kalenda yetu huongeza mwezi kila baada ya miaka michache ili isiachane na jua, na mwaka huo mwezi wa sita ulikuja mara mbili. Wa kwanza alilisha Demao. Siku ya kwanza ya ule wa pili Bibi Aiju alichukua bakuli lake akaenda kwa Deyuan.

"Mama, mimi wangu ni wa saba," Deyuan akamwambia mlangoni. "Huu bado ni wa sita. Nenda kwa Demao."

Demao akasema wa sita ameshaulisha, na hajasikia mtu anayelisha mwezi mmoja mara mbili. Ndugu wawili ambao hawakukubaliana hata juu ya kaburi la baba yao, hilo walikubaliana: mwezi ule haukuwa wa mtu.

Bibi akaishi kwa uji wa viazi vitamu wa mama yangu na makombo ya majirani wengine. Lakini huruma ya jirani nayo ina mwandamo. Ilipofika tarehe kumi na sita ilikuwa imebaki ukucha. Siku hiyo bibi alimsimamisha mnunuzi, Bwana Mai.

Alimpokea akiwa amekaa kwenye kiti chenyewe, kwa sababu miguu haikuwa na nguvu ya kusimama, na Bwana Mai, mwizi mwenye adabu, hakuweza kumwinua mzee. Akapapasa mikono ya kiti, akanusa mgongo wake, akapiga miayo. Wanunuzi wakiona kitu wanachokitaka hupiga miayo. Akataja yuani laki mbili, akasema atarudi kesho na pesa.

Bibi alimwambia mama yangu kwamba atanunua jiko la gesi, sufuria yake mwenyewe na kufuli la mlango. Mwezi atauita jina atakalo.

Sulian alikuwa nyuma ya ukuta akianika nguo. Jioni haijaingia, kuku wa kuchemsha na tangawizi alikuwa mbele ya bibi, pamoja na wali uliopikwa kwa mafuta ya kuku huyo. Mke wa Demao akaleta mchuzi wa mbuzi. Deyuan sasa alidai mwezi wa ziada ni haki ya mwana wa kwanza, tangu enzi za mababu. Demao akasema sita ni sita, asiibiwe mama yake. Walishikana mashati juu ya bakuli. Bibi Aiju alikula huku na huku bila neno, akianza na ngozi ya kuku.

Asubuhi Bwana Mai alikuja na tochi. Deyuan mwenyewe alimbeba mama yake kama yai, akamweka kwenye kigoda cha plastiki cha Sulian. Bwana Mai akakipindua kiti. Ubao wa kukalia ulikuwa umekunwa kwa chini hadi ukawa mwembamba kama jani, na miguu imechimbwa kwa ndani kama mitumbwi. Alipomulika tochi, mwanga ulitokea upande wa pili.

"Nani kakikuna hivi?"

"Mimi," bibi akasema. "Juu sijagusa. Chini anakaa nani?"

"Na unga ulipeleka wapi?"

Bibi akamwonyesha Deyuan kwa kidevu. Bwana Mai akamtazama Deyuan na yale mashavu yake mekundu kama matofali.

"Kaka, kiti umeshakinywa. Sasa mimi nikununulie nini, mkojo?"

Demao alicheka mpaka akaukumbuka mto wa mwanawe.

Bwana Mai alikubali kuchukua mikono na mgongo tu, akachonge shanga. Ndugu wakakipasua kiti palepale mbele ya mama yao, wakagawana vijisenti, Sulian akisema vyao havifikii hata bei ya kuku. Akarudi kuchukua bakuli, paja likiwa bado ndani. Mke wa Demao akaumimina mchuzi kwenye chungu chake. Kisha Sulian akarudi tena kuchukua kigoda.

Kesho yake Deyuan alikuja na chupa ya chai, kichwa kikimgonga, akishika ukuta. Akauliza kama unga umebaki. Ulikuwepo, konzi mbili ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda. Mama yangu aliuona.

"Mwanangu, leo tarehe ngapi?"

"Kumi na nane, mama."

"Ya mwezi upi?"

Deyuan akaitazama chupa yake.

"Wa sita," bibi akasema. "Mimi zamu yangu kwako ni wa saba. Nenda kwa Demao, ana mto."

Akaenda kweli. Tulimsikia akibembeleza uani, na tukamwona Demao akiutoa mto chini ya kichwa cha mtoto, si ili ampe, bali kwanza auweke kwenye mizani. Bibi Aiju alifunga mlango, akakoroga kijiko cha unga kwenye maji ya moto, akanywa. Siku hiyo hakutia kingine tumboni, na mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na moja.