Biri Kumi Zilizongoja Siku Kubwa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama katikati ya ofisi mjini Nairobi, nyanya yangu mkono wa kulia, meneja wangu mkono wa kushoto, na mimi mkalimani wao sijui nimdanganye yupi. Jasho lilinitoka mpaka kola ya shati ikalowa. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na mambo mengi nimeyaelewa, lakini hilo bado linanichanganya. Nisikilize, labda wewe utalielewa kunishinda.

Miaka ya sitini ilikuwa inakaribia kuisha. Nilikuwa karani wa kampuni iliyoleta mashine za mashamba kutoka ng'ambo, ofisi yetu ikiwa ghorofa ya pili, karibu na Barabara ya Serikali. Kampuni ilipotimiza miaka hamsini, wakubwa wa huko ng'ambo waliagiza biri za kusherehekea. Biri ni sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, haina karatasi. Hizo zilitengenezwa mara moja tu, kila moja ikavishwa mkanda wa rangi ya dhahabu wenye namba yake, na ikasemwa kwamba hazitatengenezwa tena. Meneja wetu, Mzungu mrefu aliyependa kukohoa kabla ya kusema, alinipa sanduku la biri kumi kwa kuwa nilikuwa nimeyapanga upya majalada yote yaliyovurugika. Makarani wengine hawakupewa. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Sasa, nizivute au niziweke? Nilimuuliza meneja mwenyewe, akaniambia nizivute siku nitakayokuwa na furaha kubwa. Nikampelekea moja mzee wa duka la tumbaku kule Ngara, akainusa, macho yakamtoka. "Usiguse hata moja!" akasema. "Weka. Hii kitu ikiisha dunia yote, wewe peke yako utakuwa nayo." Akanifundisha kutia kitambaa chenye unyevunyevu ndani ya sanduku ili zisikauke. Nikarudi ofisini kumuuliza Athumani, karani mwenzangu kutoka Mombasa, Mwislamu safi asiyevuta chochote. Alinicheka tu. "Bwana wee, kitu cha kukusumbua roho hivi, si uwape watu ukapumzika?" Watu watatu, majibu matatu, na kila niliyemsikiliza nikaona ndiye aliyesema kweli.

Basi nikaziweka, huku nikijiambia kwamba ninangoja siku. Nilipothibitishwa kazini nikatoa moja, nikainusa, nikaona siku yenyewe bado ndogo, nikairudisha. Nilipopata nyumba ya kupanga Uthiru, vyumba viwili na kauwanja ka kupanda sukuma wiki, nikatoa tena, nikarudisha tena. Kisha mke wangu Agneta akajifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana. Siku hiyo nilishika hadi kiberiti. Halafu nikawaza, je, ikija siku kubwa kuliko hii nitafanyaje? Nikairudisha. Agneta alikuwa amelala kitandani na mtoto, ananitazama. Ukioa, mwanangu, halafu mkeo akutazame namna hiyo, jua umekosa, hata kama hujui ulikosea wapi.

Mtoto alizaliwa wakati wa mavuno, na kwetu sisi Wabukusu msichana wa msimu huo huitwa Nekesa. Nyanya yangu naye ni Nekesa. Tulimwita Kukhu, ndivyo tunavyowaita nyanya zetu. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, na kila nilichokula utotoni kilitoka kwenye jembe lake. Aliposikia amepata wajina, akapanda basi kutoka Bungoma kuja Nairobi, safari yake ya kwanza maishani.

Kukhu alikuwa mvutaji. Nyanya wengi wa kwetu enzi hizo walivuta sigara kinyume, ncha yenye moto ikiwa ndani ya mdomo. Wewe cheka, lakini upepo hauuzimi moto ulioko mdomoni, na mikono inabaki na jembe. Tena pua yake ilikuwa kali. Siku ya pili tu nilimkuta amesimama mbele ya kabati langu.

"Wafula, humu kuna tumbaku, na si ya mchezo. Nitolee moja nivute kwa furaha ya wajina wangu."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilijua wazi ninachopaswa kufanya, na mkono ukakataa. Ziko kumi, nikajiambia, zikibaki tisa si sanduku kamili tena. Nikasema, "Kukhu, hizo si zangu. Ni za bosi, ameniwekesha tu."

Akarudi nyuma hatua moja mbali na kabati. "Basi funga vizuri," akasema, kisha akaketi akasokota majani yake ya Bungoma. Mimi nikapumua, nikadhani yameisha.

Kumbe nimempa mzigo. Mali ya mkubwa wa kazi imo ndani ya nyumba yenye mlango wa mabati na kufuli la kitoto! Ikipotea, mjukuu wake ataitwa mwizi. Asubuhi iliyofuata, nikiwa nimeshaenda kazini, alimwomba Agneta ampeleke mjini kwa huyo bosi. Agneta aliujua ukweli wote na angeweza kuusema kwa maneno mawili. Badala yake alimfunga mtoto mgongoni, akamshika Kukhu mkono, wakaenda kungoja basi. Nilipomuuliza baadaye alinijibu, "Wewe mwenyewe ulisema ni za bosi. Mimi ni nani nikukanushe?"

Niliinua macho kutoka kwenye majalada nikamwona Kukhu mlangoni, leso begani, sanduku kifuani, Agneta nyuma yake. Meneja alikuwa anatoka chumbani kwake. Kukhu akaliweka sanduku juu ya meza na kusema kwa Kibukusu, "Mwambie mkubwa wako nimemletea mali yake, zote kumi. Nyumba yako haina kufuli la maana, na sitaki uitwe mwizi kwa kitu kisicho chako."

Meneja akakohoa. "Anasema nini?"

Mwanangu, weka akili yako pale nilipokuwa. Nikimtafsiria meneja hayo maneno, ataona nimemrudishia zawadi yake usoni. Nikimwambia Kukhu ukweli, nimejivua nguo mbele ya aliyenilea. Nikamwambia meneja, "Amekuja kukushukuru kwa zawadi, na anaomba avute moja pamoja nawe kwa ajili ya mtoto."

Meneja alifurahi sana. Akafungua sanduku, akampa Kukhu biri moja, akachukua moja yake.

"Kwa nini ananipa?" Kukhu akaniuliza.

"Amependa uaminifu wako," nikasema.

Kukhu akatabasamu. Sijawahi kumwona na tabasamu lile, si kabla wala baada. Aliing'ata ncha, meneja akamwashia, akavuta mara mbili kuijaribu, kisha akaigeuza na kuingiza moto mdomoni. Wapiga chapa wakasimama. Athumani akasema "Subhanallah" na kushika kichwa. Meneja alisahau kuivuta yake ikamzimikia mkononi, halafu akaanza kupiga makofi kwa furaha. Na mimi, usinishangae, nikaanza kufurahi pia. Nikajiona nimeokoka, kila mtu anacheka, uongo wangu umekaa sawa pande zote mbili.

Kisha meneja akamsukumia Kukhu sanduku. Akaacha Kiingereza, akatumia Kiswahili chake cha kuagizia chai. "Mama, chukua yote. Hii si yangu. Mimi nilipa Wafula mwaka jana. Yake kabisa."

Kukhu hakujua Kiingereza, lakini Kiswahili cha sokoni alikijua. Aliitoa biri mdomoni. Akanitazama, akamtazama Agneta aliyekuwa ameinamisha uso, akanitazama tena. Akaizima taratibu ndani ya kisahani, nusu nzima ikiwa bado haijavutwa. "Asante, bwana," akamwambia meneja kwa Kiswahili. Nililiona lile tabasamu likiondoka na nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Alizungumza nami jioni, nyumbani Uthiru, mtoto akiwa mapajani mwake. Hakupandisha sauti. "Ungeniambia hutaki kunipa, ningekasirika, na kesho yake ningesahau. Mimi nilikuzoea tangu utotoni ukiwa mchoyo wa viazi. Lakini ulinifanya nibebe uongo wako mpaka mjini, nikiulinda nisiudondoshe."

Alikaa nasi wiki mbili, akivuta majani yake. Siku ya kuondoka nilimfuata hadi kituoni na sanduku lenye biri nane zilizobaki, nikamsihi alichukue. Akalirudisha mikononi mwangu bila hasira yoyote.

"Weka, Wafula. Si ulitaka kuweka?"

Hakufika mavuno mengine. Nilikwenda kumzika nikiwa na lile sanduku, nia yangu niwagawie nyanya wenzake waliokuwa wakiomboleza. Nikafika, nikashindwa. Niwapeje hao nilichomnyima yeye? Na nisipowapa, si nimenyima tena? Nilizunguka boma lile siku mbili kama mtu aliyepoteza kitu, nikarudi nalo Nairobi. Sikuzivuta, sikuzigawa, sikuzitupa. Zilikauka zikawa unga, na hadi leo siwezi kukwambia nilipaswa kuzifanyia nini baada ya yeye kuzikataa. Kuna makosa ambayo ukishayafanya, kila njia ya kuyarekebisha inafanana na kosa lenyewe.

Sikwambii uvute. Madaktari wanasema usivute, nao wamesoma. Ninachokwambia ni hiki. Ukiwa na kitu kizuri kisichopatikana tena, usijiulize kama siku imekuwa kubwa ya kutosha. Mimi niliyepima siku nyingi nakuambia hazina kipimo. Tazama aliyeketi mbele yako. Kama ni mtu ambaye naye hapatikani tena, mpe, na usihesabu zilizobaki. Na kama huwezi kumpa, maana moyo una siku zake, basi mwambie "sitaki" waziwazi akukasirikie. Hasira ya mzee wako utaiponya kwa kikombe cha chai. Uongo uliomtwika hutaupatia dawa, nami nimeitafuta hadi nimezeeka.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akujalie vitu vizuri vichache, akupe watu wengi wa kuvimaliza, na akujalie kuwapa wakiwa bado wamekaa nawe nyumbani.