Picha Ikiganda, Usinune

Juzi nilikuwa kwenye duka la steshenari kule Mtanda; mama mmoja wa Kitomanga alikuwa akiongea kwa video, kwenye kompyuta ya duka, na mkwewe aliyejifungua Dodoma. Kabla mtoto hajafunuliwa uso, picha ikaganda. Mama akavuta mtandio wake.

“Kanikatia,” akasema taratibu.

Dada mwenye duka akaichungulia kompyuta. “Hajakata, mama. Mashine inajisasisha yenyewe kimyakimya, inavuta mtandao wote.”

“Nani kaituma?”

“Hakuna. Inajituma.”

Akaisimamisha, akapiga tena. Mjukuu akatokea akipiga miayo. Mama akacheka huku akifuta machozi.

“Liandike hilo, mwanangu, mwingine asije akamnunia mkwe bure.”

Dada akabandika karatasi ukutani: “Picha ikiganda, usinune. Kompyuta inajisasisha.”

Katika maelezo yote ya kompyuta niliyowahi kusoma, hayo ndiyo niliyoyaelewa mpaka mwisho.