Kile Alichotapika Sungusungu

Nyamizi wa Makanyagio ana chumba kimoja kikavu, na chumba hicho ndicho kinachomlisha. Watu humwekea mpunga wao humo wakisubiri bei ipande, maana wanajua panya hawafiki. Hawafiki kwa sababu ya paka mmoja wa rangi ya kutu, ambaye kwa ulinzi wake Nyamizi alimpa jina la Sungusungu. Ana manyoya marefu kuliko paka yeyote mnayemjua, na akishamaliza panya kazi yake ni kujilamba.

Sasa, asubuhi moja Mama Gaspar alikuja kuangalia magunia yake. Huyu ni Mpimbwe, mama wa jumuiya, mtu wa sauti ndogo na msimamo mkubwa. Mlangoni akakanyaga kitu kilicholowa. Akainua mguu, akatazama. Kilikuwa chembamba kama kidole, nywele zimejisokota zikakaza.

"Da' Nyamizi," akasema taratibu, "nani amekutegea hii hirizi?"

"Hirizi gani, mama? Paka katapika."

"Paka anatapika nywele. Kwani kamla kinyozi?"

"Anajilamba, anameza manyoya yake mwenyewe. Yakijaa tumboni anayatoa."

"Kinaitwaje?"

Nyamizi akafungua mdomo. Akatafuta kwa Kiswahili, akatafuta kwa Kinyamwezi cha mama yake, hola. "Ni donge," akasema. "La manyoya."

"Hilo si jina, hayo ni maelezo. Makamasi yana jina, matongotongo yana jina. Kitu cha kawaida hakikosi jina."

Majirani walishaanza kujaa. Nyamizi akamwona Machibya, Msukuma anayeuza nyama pale kona, akashukuru Mungu. "Machibya, hebu mwambie."

"Ni kweli," Machibya akasema. "Hata ndama akizidi kujilamba, ukimchinja unakuta mpira wa manyoya tumboni."

"Mnauitaje?" Mama Gaspar akauliza.

"Hatuuiti. Tunautupa."

"Nenda kauze nyama, Machibya," Nyamizi akasema.

Mama Gaspar akatoa hukumu: paka aondoke, au magunia yake yaondoke leo. Nyamizi alijua maana yake. Yakitoka ya Mama Gaspar, ya wengine yatafuata kabla ya jioni. Akimtoa paka, panya wataingia, na magunia yatatoka vilevile.

Akachuchumaa, akakiokota kile kitu kwa mkono mtupu. Watu wakarudi nyuma. Akakifumua kama anayefumua msuko. "Hirizi huwa na mzizi. Huwa na karatasi. Haya, tafuteni."

Ndani mlikuwa na manyoya ya rangi ya kutu, uzi wa gunia, na mguu wa mende. Akayabandika ubavuni mwa Sungusungu, aliyekuwa amelala juu ya magunia bila habari. Rangi ileile. Mama Gaspar akainama, akaangalia sana.

"Kweli ni yake," akasema.

Nyamizi akashusha pumzi.

"Kwa hiyo anatapikia mpunga wangu."

Hapo Nyamizi akaona bora ingekuwa hirizi. Akashika kiuno, akatazama dari. Mama Gaspar naye akachomoa chanuo kwenye kilemba chake, akamkabidhi. "Mchane. Kila asubuhi, nje, tukuone. Yakitoka kwenye chanuo hayatapita tumboni."

Magunia yakabaki, na paka akabaki. Tangu siku hiyo Nyamizi hukaa kwenye kigoda mbele ya mlango akimchana paka anayemng'ata, na wapita njia humwuliza kama huyo mteja anataka kusukwa twende kilioni au rasta. Hilo amelizoea.

Asilolizoea ni la juzi. Lucia, binti wa mtaa wa pili, alisimama mbele yake kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, paka wetu jana katoa nyamizi kubwa. Ni kawaida?"

Chanuo likabaki hewani. "Katoa nini?"

"Nyamizi. Si ndivyo inavyoitwa? Mtaani wote wanaita hivyo. Mama Gaspar ndiye kasema."

Nyamizi akamtazama mtoto wa watu, akamtazama paka.

"Ni kawaida," akasema, meno yamebana. "Mchaneni."