Kwa Nini Wananiita Sijagusa

Mwanangu, jana nilipita pale Maisaka kwenye meza ya pool nikakuona umeinama, jicho moja umelifumba, unapiga mpira mwembamba. Ulipiga vizuri, sikatai. Lakini mwenzako alipokuuliza, "Umegusa wangu?", uliangalia kulia, ukaangalia kushoto, ndipo ukamjibu, "Sijagusa." Sijui kama uligusa au hukugusa, na leo sikuulizi. Nayajua yale macho tu. Yalikuwa yangu kabla hayajawa yako, kwa hiyo kaa hapo nikueleze.

Nakumbuka nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nafanya kazi gereji, na domo nilikuwa nalo, wee! Mtaani kwetu Maisaka kulikuwa na meza moja tu ya pool, ya Mama Neema, mama mtu mzima aliyekuwa akipika chapati hapo hapo kibarazani. Yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Aliamua huku anageuza chapati, na mwanzoni sikumbuki hata moja iliyoungua.

Siku hizi mnajifunza kwenye simu. Sisi tulijifunza kwa kukosa. Mpira mwembamba, kama unavyojua, ni pale mweupe unapoupita mpira mwingine na kuuparuza tu ubavuni, basi. Paka chaki kwanza, maana bila chaki fimbo inateleza na utachekwa. Ukitaka mpira uende kushoto, usiupige mweupe katikati. Upige kulia kidogo, taratibu, ili uende huku unazunguka. Ukifika unausukuma mwenzake kama gia inavyosukuma gia, na mpira unaingia shimo ambalo macho yako yalikuwa yanakataa. Nilijifunza hivyo msimu mzima wa mvua, wakati barabara zimejaa tope na gereji haina magari.

Ila mpira wa namna hiyo una shida yake. Unagusa kidogo mno, hata aliyesimama karibu haoni. Kwenye meza za mitaa mingine watu walikuwa wanakunjana mashati. Kwa Mama Neema hapakuwa na ugomvi, kwa sababu alikuwa na sheria moja: kwenye mpira mwembamba anaulizwa mpigaji mwenyewe, na akishajibu, mjadala umekwisha.

Jumamosi moja tukashindania mbuzi. Fainali ikawa mimi na Paskali, mwashi wa kijiji cha Bonga, mtu mpole asiye na maneno. Kule gereji nilishatamba kwamba kesho yake tunakula nyama, na wenzangu walishatafuta mkaa kabisa. Mechi ikafika mwisho. Mimi nimebakiza mpira mweusi tu, umekaa karibu na ukingo wa meza, na mbele yake kidogo umesimama mpira wa Paskali wenye mistari. Nikiugusa wa Paskali kwanza, nimeshindwa.

Nikapaka chaki, nikainama, nikapiga kulia kidogo, taratibu. Mweupe ukapita kando ya mpira wa Paskali, ukauparuza mweusi, mweusi ukaingia. Watu wakapiga kelele! Lakini mimi nilikuwa nimeinama, jicho langu liko usawa wa meza, na niliiona namba kwenye mpira wa Paskali ikigeuka. Iligeuka kidogo tu.

Mama Neema akaniuliza, "Umegusa?"

Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Hakuna aliyeona.

"Sijagusa."

Paskali akaja kunipa mkono. "Hongera, kaka. Una mkono mwepesi." Mbuzi tukamla. Nakwambia ukweli, alikuwa mtamu, na usingizi nililala vizuri tu. Usidhani dhamiri inakuja mbio namna hiyo.

Wiki iliyofuata nikapiga tena mpira mwembamba. Nikasimama wima, najiandaa kuulizwa. Mama Neema akaacha chapati, akaja mpaka mezani, akainama, akaangalia mpira mwenyewe, akasema, "Haya, endeleeni." Akarudi kwenye moto. Mchezaji mwingine akapiga, akaulizwa. Nikapiga mimi, mama akaja kuinama. Mara ya kwanza sikujali. Mara ya tano vijana wakaanza kunong'ona, "Mbona huyu haulizwi?" Hapo ndipo chapati zilipoanza kuungua, na kila moja niliiona ni yangu.

Siku moja asubuhi nikamfuata. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mbona mimi huniulizi kama wenzangu?"

Akageuza chapati. "Nilishakuuliza, siku ya mbuzi. Macho yako yalijibu."

Aibu niliyoiona pale, mwanangu, natamani usiijue. Nikapanda baiskeli mpaka Bonga, nikamkuta Paskali kwenye jengo, mwiko wa saruji mkononi. Nikamwambia yote. Akamalizia kwanza tofali lake.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "ningekasirika siku ile ile yakaisha. Sasa unataka nikasirike lini? Nenda kawaambie wale mliokula nao mbuzi wangu."

Nilienda. Jumamosi nilisimama mbele ya watu wote nikasema niligusa. Walicheka, wakanizomea, na jina nikalipata siku ile ile. Ukisikia wazee wenzangu wananiita Sijagusa, ukadhani ni jina la ukoo, basi limetoka hapo. Mama Neema aliendelea kuja kuinama kila nilipopiga, miezi na miezi, na mimi nilivumilia.

Mpaka siku nilipocheza tena na Paskali. Nikapiga mpira mwembamba, mweusi ukaingia. Nikamsubiri mama aje. Hakuja. Alikuwa ametupa mgongo, anasukuma unga, akauliza tu bila kugeuka, "Umegusa?"

Na nilikuwa nimegusa. Hakuna aliyeona safari hii pia.

"Nimegusa, mama."

Nikashindwa mbele ya Maisaka nzima, na machozi yakanilengalenga kwa furaha. Nilikuwa nimeulizwa.

Basi nasaha yangu ni hii. Jifunze mpira mwembamba, ujifunze vizuri, mchezo si dhambi. Lakini utakutana na mambo mengi ambayo ni wewe peke yako uliyeyaona, kazini, nyumbani, kwa mke wako, na watu watalazimika kukuuliza wewe. Wakikuuliza, wamekupa heshima kubwa. Wakiacha kukuuliza, utajua umepoteza nini. Na kama jana uligusa, mwenzako bado yuko Maisaka, na baiskeli yangu ile pale, ina upepo.

Mungu akupe mkono mwepesi, mwanangu, na akujalie watu watakaokuuliza mpaka uzeeni. Nenda salama.