Maji ya Kwenda Jangwani

Baba yangu aliendesha malori kutoka Tunduma hadi Namibia mpaka macho yalipoanza kumsaliti. Milima ya jangwa la huko aliiona kwa mbali tu, maana mzigo ulikuwa wa tajiri, na tajiri hana habari na milima. Mimi binti yake nilipomwambia nitampeleka huko kwa gari langu, nikiendesha mwenyewe, alinitazama kama mtu anayeuziwa mahindi yaliyobunguliwa.

"Panga safari," alisema. "Nikiridhika, napanda. Nisiporidhika, utanitumia picha."

Kwa mtu ambaye hapandi hata gari la mchungaji kabla ya kukagua matairi, hilo lilikuwa neno kubwa. Nikapanga: vibali vya gari, matairi ya akiba, madumu ya mafuta na ya maji, mahali pa kulala kabla giza halijaingia. Mimi ni mbishi, na ubishi nimeurithi kwake. Sikumwuliza hata swali moja.

Asubuhi ya kuondoka mama alileta vyake: gunia la unga, maharage, kahawa ya shamba letu la Igamba. Kwetu huendi kwa watu mikono mitupu. Nilikwenda kuaga majirani, na niliporudi gari lilikuwa limejaa hadi dirishani. Baba ameegemea ukuta, anachokonoa meno.

Nilizunguka gari nikigusa kila nilichokuwa nimekifunga. Madumu ya maji hayakuwamo, nikaenda kuyatafuta nyuma ya jiko. Yalikuwa yamepangwa pale.

"Mama, umeshusha maji?"

"Nafasi haikutosha. Maji mtaomba njiani. Nani anamnyima msafiri maji?"

Hapa Mbozi asingekuwa na kosa, kila bonde lina kijito.

"Mama, kule unaendesha kutwa nzima huoni nyumba. Tutamwomba nani?"

Nikashusha gunia, nikapakia madumu. Mama akanuna.

"Nilimwona akiyashusha," baba alisema.

"Na ukanyamaza?"

"Nilitaka kuona dereva atafanya nini."

Dereva. Pale nyumbani jina hilo lilikuwa lake peke yake. Nilijivuna, nikatoa ufunguo. Baba akaenda mlango wa kulia kwa mazoea, akasimama, akacheka peke yake. Kisha akazunguka, akafungua wa kushoto, akaketi na kufunga mkanda.