Bagamoyo: Fundi kaua ukoka wa mama yangu, halafu kamsingizia mama mwenyewe

Wakuu, salaam aleikum na habari za kutwa. Walionizidi umri, shikamooni.

Mimi si mtu wa kufungua nyuzi humu. Napita, nasoma, nacheka peke yangu, naondoka. Leo nimekasirika, na nisipoandika hili jambo litanikaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Nitakayoyasema ni kweli tupu. Mengi nimeyaona kwa macho, na moja nimelionja kwa ulimi. Huko mbele mtaona kwa nini nimeutaja ulimi.

Mimi ni mwanamke wa Bagamoyo, kata ya Dunda. Nashona na kuuza mapazia. Naishi na mama yangu mzazi kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba.

Mwaka jana mama aliteleza uani, kwenye paving iliyolowa. Akavunjika nyonga. Operesheni ilikwenda salama, alhamdulillahi, shida ikaja baadaye. Mtaalamu wa mazoezi alituambia mama lazima atembee kila siku, hata kidogo, la sivyo miguu italegea na ndiyo basi, atakuwa mtu wa kitandani.

Sasa mama akawa hataki. Ndani anajikongoja na walker yake, ile fremu ya kutembelea. Mkifika mlangoni akiyaona yale matofali ya paving, anaogopa, anaishia kwenye benchi lake la hapo mlangoni.

Siku moja akasema mwenyewe, "Lau ingekuwa majani ningejaribu. Majani hata ukianguka yanakupokea."

Basi, imekwisha hiyo. Nikang'oa paving yote, uwanja mzima.

Ndipo anapoingia huyu fundi. Nitamwita Deo, si jina lake. Kijana wa Dar, asili yao bara, anajiita landscaper. Mtandaoni ana picha za bustani za watu, kijani kiasi kwamba unatamani kuzichuma ukapike. Nami nikaingia mkenge kwa hizo picha.

Siku aliyokuja kuona site nilikuwepo. Mama alikuwa kwenye benchi lake nje ya mlango wa jikoni, pale penye bomba, ndipo anapotawadha na ndipo anapooshea mchele wake. Deo akaamkia vizuri tu, akaitikiwa marahaba, akaulizwa kwao, akaulizwa safari. Kisha mama akamwambia neno moja kuhusu kazi.

"Mwanangu, majani haya yataka maji baridi. Ukiyapa maji baridi hayatakusumbua."

Deo akasema, "Hilo limeisha, mama. Maji baridi."

Wakuu wa pwani mmeshanielewa. Wa bara ngojeni niwafafanulie ili tusipotezane njiani.

Kwetu maji baridi si maji ya friji. Maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, basi. Bahari iko hapo tu, na visima vingi vya mtaani kwetu vina chumvi. Nyumbani tuna maji ya namna mbili. Yapo ya bomba, tunayahifadhi kwenye tangi la simtank, na hayo ndiyo maji baridi hata kama yamechemka juani kutwa nzima. Halafu kuna kisima nyuma ya nyumba, chenye pampu, cha kusafishia choo na kumwaga uani. Hicho ni maji chumvi. Mtoto wa Dunda anaijua tofauti hiyo kabla hajaijua alifu kwa kijiti.

Deo yeye alisikia ubaridi. Ule wa kupapasa kwa mkono. Ila wakati huo sisi hatukujua kama amesikia hivyo.

(Naandika kwa vipande, na nimeona mtu keshacomment hapo chini "pole dada, jua la huko kali". Mkuu, tulia. Hata mimi niliambiwa ni jua.)

Ukoka ukaja kwenye fuso, umetolewa shamba moja pande za Vigwaza. Umekunjwa vipande kama majamvi. Kaskazi, msimu wetu wa joto, imepamba moto, jua la utosi, gari limeegeshwa nje na Deo na watu wake wanakula chipsi kwanza. Nikagusa kipande kimoja, kina moto kama chapati iliyotoka kikaangoni.

Nikamuuliza, "Si ungengoja masika, au basi ungekuja asubuhi?"

Akanijibu, "Nyasi zinataka jua, dada."

Nikamwachia. Mwenye fani ni yeye.

Akatandika. Akafukia mabomba, akaweka sprinkler zenye timer, zifunguke zenyewe alfajiri na jioni jua likizama. Hilo la muda nalikubali, alipatia. Kumwagilia mchana wa kaskazi ni kupeleka maji mbinguni. Na alituambia tusikanyage mpaka mizizi ishike. Nalo sawa.

Kabla hajaondoka nikamuuliza kwa kinywa changu, "Umeunganisha maji baridi?"

Akasema, "Baridi kabisa, dada. Alfajiri ndiyo yanakuwa baridi zaidi."

Mimi nilichosikia ni "baridi kabisa". Hilo la alfajiri nililichukulia kuwa porojo za mafundi. Mabomba yameshafukiwa, nani atafukua?

Siku za mwanzo, wallahi, palipendeza. Mama alikuwa akifungua dirisha anauliza, "Yameshika?" Namwambia bado. Akatoa viatu vyake vya flat kabatini, akavifuta vumbi, akaviweka mlangoni vinamsubiri. Nilipoviona vile viatu nilifurahi kuliko siku nilipofungua duka.

Kisha ncha za majani zikaanza kuwa njano. Kingo za vipande zikajikunja.

Nampigia Deo. "Jua hilo, ongeza maji." Nikaongeza. Pakazidi.

Namtumia picha. "Bado maji hayatoshi. Ongeza." Nikaongeza tena. Kadiri ninavyomwagilia ndivyo ukoka unavyoungua. Nikainua kona ya kipande kimoja nione mizizi. Mizizi mipya huwa myeupe na inashikilia udongo, hii ilikuwa ya kahawia na kipande kikanyanyuka chote mkononi kama mkeka. Juu ya udongo pana ungaunga mweupe. Deo akasema ni mabaki ya mbolea.

Siku nyingine akaniandikia, namnukuu bila kuongeza chumvi, maana chumvi tunayo ya kutosha: "Dada shida ya wateja wa huko pwani mnapenda bustani ila kuhudumia hampendi."

Mimi. Ninayeamka kabla ya adhana kuhakikisha sprinkler zimefunguka.

Kulikuwa na sehemu moja tu iliyobaki kijani. Mstari mwembamba unaoanzia bombani kwa mama, unafuata ukuta wa jikoni kwenda kwenye geti. Deo kuulizwa, akasema hapo kuna kivuli. Kivuli gani? Ukuta ule unapigwa na jua kuanzia adhuhuri mpaka linazama, ukiegemea unaungua mgongo. Sikuelewa, lakini nilikuwa nimeshachoka kubishana na mtaalamu.

Kilichofichua mambo ni upepo.

Alfajiri moja mama ameshaswali, amekaa kwenye benchi lake anavuta uradi kwa tasbihi. Sprinkler zikafunguka, upepo ukageuka, maji yakamrukia usoni. Akajifuta kwa ncha ya mtandio. Akaramba mdomo. Akaniita kwa utulivu kabisa.

"Njoo uonje."

Nikakinga kiganja, nikaonja.

Chumvi. Maji yale ungeweza kuchemshia muhogo bila kutia kitu.

Nilichukua jembe nikafukua nikiwa bado na nguo ya kulalia. Bomba la Deo limepita kando ya simtank, halikuigusa, limekwenda moja kwa moja kwenye pampu ya kisima.

Nikampigia. Kosa langu siku hiyo ni kuweka loudspeaker, maana mikono ilikuwa na tope na mama alikuwa pembeni yangu.

Wala hakushtuka. Akasema, "Lakini dada, mimi nilifuata maelezo. Mama mwenyewe alisema maji baridi. Maji ya tangi yanachemka na jua, ya kisima ndiyo baridi. Muulize mama, alisema mbele yako. Kama alimaanisha kitu kingine basi yeye ndiye alieleza vibaya."

Mama akasikia kila neno.

Akasema, "Kumbe mimi ndiye niliyeyaua." Akaomba walker yake, akaingia ndani.

Kuanzia siku ile hakutoka tena. Udhu akawa anatawadhia bafuni, mchele nikawa naosha mimi. Vile viatu akavirudisha kabatini. Nikimwambia mazoezi, ananijibu, "Niache mwanangu, nimeshakutia hasara." Nikimshika mguu naona unavyonywea. Majani hununuliwa. Miguu ya mama yangu nitainunua wapi?

Hapo ndipo hasira yangu ilipo wakuu, na naomba mnielewe. Kukosea ni kwa binadamu. Neno moja kulisikia tofauti, hutokea. Lakini wewe unafanya kazi ya majani, umekuja mji ulio kando ya bahari, umeona nyumba ina maji ya aina mbili, na hukuuliza kwa nini? Ukachota maji ya kisima cha watu ukayapa mmea bila kuyaweka kwenye ulimi? Kuonja tone moja kulikuwa kunakutoa nini?

Halafu mambo yalipoharibika, katika watu wote wa kubebeshwa lawama, ukamchagua bibi wa watu mwenye chuma kwenye nyonga, aliyekupa ushauri wa bure kwa lugha ya kwao, uani kwake. Lugha yenyewe unajisifu unaijua.

Nilimtaka aje kurekebisha. Akani-block. Salama.

Nikafanya mwenyewe. Nikakata bomba la kisima, nikaunganisha simtank. Kila alfajiri nikawa nalowesha kwa maji mengi, taratibu, yazame chini yaisukume chumvi iende mbali na mizizi. Kunyunyizia juu juu hakusaidii kitu. Nikachomeka vijiti nikatandaza mapazia ya neti yaliyotoboka dukani, ukoka upate ahueni mchana. Watu wakipita wananiuliza kama nimezaa, nimeweka chandarua uani. Waache wacheke. Vipande vingine vikafufuka, vingi vikafa, nikaving'oa. Mbolea sikugusa, kukata sikukata. Mgonjwa hanyolewi.

Lakini mama bado yuko ndani.

Juzi baada ya alasiri nikamfungulia dirisha la jikoni nikamwambia, "Mama, tazama pale ukutani."

Hakutaka. Nikasubiri. Mwishowe akatazama.

"Mbona pale pazima?"

"Bomba lako lile linatoka kwenye simtank. Maji yako ya udhu na ya mchele yalikuwa yanapita pale. Deo kamwagilia uwanja wote kwa chumvi yake, ukafa. Pale umemwagilia wewe, pakapona."

Kisha akauliza, kama mtoto anayeuliza kama mtihani kafaulu, "Kwa hiyo nilisema sawasawa?"

"Ulisema sawasawa, mama. Tangu siku ya kwanza."

Akasema, "Nipe viatu." Nikaenda kabatini. Nilipovileta akavitazama, akasema, "Hebu viache."

Akatoka peku. Mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwangu, akatembea ule mstari wa kijani kutoka bombani mpaka getini. Tulipofika getini machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi yangu sikuyaficha.

Akageuza uso kuutazama uwanja uliokufa, kisha akayatazama majani mabichi ya miguuni mwake, akasema, "Yule kijana akirudi, mwambie maji baridi ndiyo haya."

Ndiyo hayo wakuu. Funzo langu kwa mwenye mpango wa kutandika ukoka ukanda huu, kuanzia Bunju kuja huku kwetu na kuendelea mpaka Pangani: kama unaweza, ngoja masika. Kama huwezi, mimina maji mengi alfajiri, inua kona uangalie mizizi, usikanyage mpaka ishike. Na kabla ya yote hayo onja maji. Onja kwa ulimi wako mwenyewe, usimwachie fundi. Mzee wa nyumba akikupa neno, muulize maana yake hata kama unadhani umelijua. Kuuliza si ujinga, ujinga ni ule wa Deo.

Mliowahi kuokoa ukoka ulioliwa na chumvi nipeni mbinu, huku katikati ya uwanja bado pamekauka. Na mafundi mliomo humu, kama mnaona namwonea mwenzenu, semeni tu, nina nafasi ya kujibu.

Ila mtaningoja kidogo. Alasiri inakaribia, mama yuko bombani, na ameniambia leo hataki bega langu.